Vyuo vikifungwa kesho, nani ataendelea kusoma?



Machi 21, 2023 aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu kule Bukoba Vijijini ni Marburg. Wagonjwa wanane, watano walikuwa wameshafariki. Taarifa ilitukuta kwenye vimbweta tunajiandaa na testi. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Kigoma, akaisoma mpaka mwisho, akaweka simu chini, akaniuliza: "Hivi chuo kikifungwa tena, wewe safari hii utaenda kukaa wapi?"

Hakuuliza kama tutaugua. Aliuliza utakaa wapi, yaani utakaa sehemu gani yenye mtandao. Sisi tulioanza mwaka wa kwanza mwishoni mwa 2019 tunaijua vizuri maana ya swali lile. Sasa tunakaribia kumaliza, na miaka mitatu imepita. Nimejaribu kulijibu swali lake nikashindwa. Naomba tulijibu pamoja hapa, kwa sababu naona hata sisi upinzani tumelipita kimyakimya.

SIKU 75

Tukumbushane. Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyekuwa Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, na siku iliyofuata ikawa zamu ya vyuo. Vyuo vikaja kufunguliwa Juni 1. Hesabu mwenyewe, ni siku 75 hivi.

Wengi tuliondoka na begi moja. Tulidhani ni mwezi tu, tunarudi. Magodoro, ndoo, madesa, vyote tuliviacha kwenye mageto, na wenye nyumba waliendelea kudai kodi kama kawaida, kwa sababu korona haikufuta mkataba wa mtu. Mimi nilipanda basi nikarudi kwetu milimani Lushoto, wilaya ambayo ukiitaja Dar watu wanakumbuka kabichi na karoti.

Wiki ya tatu CR wetu akaanzisha kundi jipya la WhatsApp. Akasema baadhi ya walimu wataendelea kutupa nondo humo: PDF, sauti za kurekodi, maswali ya semina, na mara mojamoja kipindi cha Zoom kwa watakaoweza. Naomba mshike hayo maneno, "watakaoweza". Hakuna aliyekaa akahesabu ni wangapi wataweza. Hakukuwa na barua, hakukuwa na utaratibu, hakukuwa na tamko la kama hayo yatakayofundishwa humo yatatungiwa mtihani au la. Kila mwalimu na huruma yake, kila mwanafunzi na bando lake.

Siwalaumu walimu wale. Wengi walifanya kwa kujitolea, kwa simu zao na salio lao. Yupo mmoja alikuwa anarekodi usiku, unasikia kabisa mtoto wake analia nyuma, na bado anaeleza tofauti ya kosa la madai na kosa la jinai kwa utulivu. Mungu ambariki. Lakini elimu ya juu ya nchi nzima haiwezi kusimama juu ya huruma ya mtu mmoja mwenye moyo.

ANAYESOMA NA ANAYEDHANIWA ANACHATI

Kijijini kwetu mtandao haukai nyumbani, unakaa mlimani. Kuna mkaratusi mmoja juu ya njia ya kwenda zahanati, ukisimama chini yake unapata vistari viwili, vitatu kukiwa hakuna ukungu. Sasa ile ilikuwa masika. Usambara wakati wa masika ukungu unaweza kushuka saa nne asubuhi ukaondoka kesho. Nilikuwa napanda pale na khanga ya mama kichwani, simu nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nashusha faili moja la kurasa 40. Likifika asilimia 80 linakata. Unaanza upya, na bando linakatwa upya.

Bando la shilingi elfu moja lilikuwa linaniishia kwa kipindi kimoja cha Zoom, tena nikiwa nimezima kamera. Elfu moja nyumbani kwetu ni kabichi tatu, na kabichi hizo mama anazibeba kichwani mpaka barabarani ndipo zinunuliwe. Mara ya kwanza nilimwomba akatoa. Mara ya pili akatoa. Mara ya tatu sikuomba tena. Si kwamba alikataa. Nilimwona anavyofungua ile fundo ya khanga.

Na kuna jambo ambalo hamtalisikia kwenye makongamano ya TEHAMA. Binti akirudi nyumbani na daftari, anaonekana mwanafunzi. Akirudi na simu, anaonekana anachati. Mjomba wangu aliniangalia wiki nzima nikipanda na kushuka mlima, siku ya Ijumaa akasema mbele ya watu: "Chuo gani hicho cha kwenye simu? Si useme tu una mtu." Wakacheka. Mimi nikacheka pia, maana ungefanya nini? Lakini kuanzia siku ile ratiba yangu ikawa kuni, maji, shamba, jiko, na kusoma baada ya wote kulala. Kaka yangu anayesoma diploma alikuwa nyumbani pia. Yeye hakuna aliyemwita akachambue mboga.

Wenzangu wana hadithi zao. Yule wa Kigoma aliuza simu yake janja mwezi wa tano, nyumbani walikuwa na mgonjwa. Mwingine simu yake ilikuwa kitochi toka mwanzo. Chuoni alikuwa anasoma kwa kompyuta za maktaba, kwa hiyo siku ya kufunga maktaba ndiyo siku aliyofungiwa chuo chote. Mwingine haoni vizuri, anategemea programu ya kumsomea maandishi, na zile PDF za kupiga picha kitabu kwa simu programu yake haizisomi kabisa. Na wapo wa Masaki na Mbezi Beach, wenye intaneti ya nyumbani, waliosoma vizuri tu na siwachukii kwa hilo. Kwao ilikuwa likizo yenye madesa.

Juni tukarudi. Muhula ukabanwa, vipindi mpaka Jumamosi, testi juu ya testi. Mwalimu mmoja akaingia darasani akasema, "Topiki ya tatu na ya nne nilishazituma kwenye kundi, tunaendelea na ya tano." Darasa likagawanyika hapo hapo, unaona kwa macho: waliokuwa wanaandika, na waliokuwa wanatazamana. UE ikaja, sapu zikaja. Wenzetu wawili wa kundi langu la semina hawakurudi kabisa. Mmoja nasikia ameolewa. Hakuna takwimu yao mahali popote. Hawakudisko, hawakufeli, hawakuahirisha masomo. Walibaki tu kwenye ile "watakaoweza".

"LAKINI SISI TULIFUNGUA MAPEMA"

Najua jibu ambalo vijana wa chama tawala watakuja nalo. Watasema Tanzania ilifungua vyuo mapema, wenzetu Uganda shule zilikaa na vizuizi karibu miaka miwili mpaka Januari 2022, kwa hiyo mnalalamika nini?

Nijibu kwa haki, maana mwanasheria asiyekubali hoja ya upande wa pili ikiwa ya kweli huyo ni mpiga kelele. Ni kweli, kufungua mapema kuliokoa mwaka wetu wa masomo. Watoto wa Uganda waliumia sana, na mimi sitamani tungekaa nyumbani miezi 20. Hilo nalikubali.

Lakini kuna mambo mawili hoja hiyo inayaficha. La kwanza, tulirudi gizani. Takwimu za korona zilikoma kutangazwa kitaifa Aprili 29, 2020 zikiwa wagonjwa 480. Juni 1 tunarudi kwenye kumbi za watu mia tatu, tunalala wanne kwenye chumba cha wawili, na hakuna mwanafunzi aliyejua ugonjwa upo kiasi gani. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Ugonjwa ulioua watu dunia nzima usipokuwa tukio muhimu, tukio muhimu ni lipi? Kwa Marburg ya 2023 taarifa ilitolewa, idadi ilitajwa, na kwa hilo Wizara ya Afya inastahili kuambiwa asante. Inaonyesha kwamba hata ile 2020 iliwezekana.

La pili, kufungua mapema kulitufanya tusijifunze chochote. Nchi zilizofunga muda mrefu zililazimika kuhangaika na elimu masafa, zikakosea, zikarekebisha. Sisi tulipita katikati ya janga bila kujibu hata swali moja. Tulipofungua, suala likafungwa. Ndiyo maana 2023, miaka mitatu baadaye, Marburg ilipotajwa tu mtoto wa Kigoma aliuliza utakaa wapi.

WENZETU WALIFANYAJE

Sisemi kuna nchi ilipatia. Malaysia, Juni 2020, binti mmoja wa Sabah alilala juu ya mti ili apate mtandao wa kufanyia mtihani wa chuo, video yake ikazunguka dunia. Nilipoiona niliukumbuka mkaratusi wangu. Kwa hiyo shida si ya kwetu peke yetu. Tofauti ni nani alishughulika nayo.

Afrika Kusini serikali na vyuo vilikaa na makampuni ya simu, wanafunzi wakapewa GB 30 kwa mwezi: 10 za mchana na 20 za usiku. Kulikuwa na manung'uniko, maana nani anataka kusoma saa nane usiku? Lakini zilikuwepo. Vyuo vingine vikakopesha kompyuta mpakato wanafunzi wasio nazo. Kenya, mtandao wa KENET unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti uliongea na makampuni ya simu, vikapatikana vifurushi nafuu vya wanafunzi. Uganda, baraza lao la elimu ya juu lilitoa mwongozo wa dharura wa kufundisha kwa masafa: chuo kinachotaka kufundisha mtandaoni kionyeshe kwanza kina uwezo gani.

Na kabla hamjasema hizo ni nchi tajiri kuliko sisi, angalieni historia yetu wenyewe. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu walikaa kwenye vikundi vijijini, redio moja katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi anaongoza mjadala, halafu wanatoka wanachimba vyoo. Walishiriki watu takriban milioni 2. Hakukuwa na Zoom, hakukuwa na bando, na umeme vijijini ulikuwa haujulikani. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo. Ila kulikuwa na mtu aliyekaa akajiuliza: aliye mbali kabisa tutamfikiaje?

Tena tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi 1994. Hicho ni chuo cha umma ambacho kazi yake ni elimu masafa, kina vituo mikoani, kina watu wanaojua namna ya kuandika somo kwa ajili ya mtu anayejisomea peke yake. Mwaka 2020 kilikuwa na zaidi ya miaka 25 ya uzoefu. Wakati sisi tunatumiwa picha za kurasa za kitabu zilizopigwa zikiwa zimepinda, ujuzi ulikuwepo Kinondoni. Kilichokosekana ni wa kuuunganisha na vyuo vingine.

KATIBA INASEMAJE

Hapa niruhusuni nitumie kidogo hiki ninachosomea.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inazungumzia elimu. Inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na kwamba serikali itafanya jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha kupata elimu katika ngazi zote. Fursa sawa, ngazi zote. Mwaka wa kwanza nilipoisoma nilifurahi, nikapigia mstari.

Halafu mwalimu akatuambia turudi nyuma mpaka Ibara ya 7(2). Ile inasema masharti ya sehemu hiyo, Ibara ya 11 ikiwemo, hayawezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Kwa Kiswahili cha mtaani: haki unayo, ila ukinyimwa usije kutuuliza. Unaweza kuisoma, kuikariri, kuijibia mtihani ukapata A. Huwezi kuipeleka mahakamani.

Utasema basi tutumie zile haki za sehemu ya tatu, kama hiyo ya kupewa taarifa, ambazo mahakama inazitambua. Sawa. Ila Juni 2020, siku chache baada ya sisi kurudi madarasani, Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Kwa marekebisho hayo, aliyefungua shauri la namna hiyo alitakiwa aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe binafsi alivyoathirika. Yaani yule mwenzetu aliyeolewa, asiye na simu, asiye na nauli, ndiye alitakiwa aje Mahakama Kuu mwenyewe na kiapo chake. Mimi mwenye nafasi ya kumsemea niliambiwa si jambo lako. Na Ibara ya 26(2) ipo pale pale, inasema kila mtu anaweza kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha hifadhi ya Katiba.

Wakenya wao katiba ya 2010, Ibara ya 43, imeiweka elimu kwenye orodha ya haki ambazo mwananchi anaweza kuzidai. Haikuwaokoa wanafunzi wao wote wakati wa korona, na nisiwadanganye. Turkana hawakuamka wana 4G kwa sababu ya ibara. Lakini mwanafunzi wa Turkana ana mlango wa kugonga. Mimi nimeonyeshwa ukuta uliochorwa mlango.

Mtu akikuambia Katiba Mpya ni ajenda ya wanasiasa wanaotaka vyeo, haina ugali ndani yake, mpe mfano huu. Kati ya mwanafunzi wa Lushoto chini ya mkaratusi na fursa sawa aliyoahidiwa, kuna kifungu kimoja kifupi kimesimama katikati. Kifungu hicho kinaondolewa kwa Katiba Mpya.

MTANDAO WENYEWE NI WA NANI

Kuna kitu kingine lazima tukiseme, maana tukinyamaza tutaonekana tunataka bando tu. Mtandao tunaotaka kusomea ndio ule ule uliobanwa Oktoba 2020, siku za uchaguzi. Twitter na WhatsApp zikagoma, watu wakaanza kufundishana VPN usiku usiku. Sasa piga picha, chuo kimehamishia masomo mtandaoni, mtihani ni Jumatano, na Jumanne serikali imeamua kuubana mtandao kwa sababu zake. Nani anafeli?

Na Aprili 2021 bei za vifurushi zilipanda ghafla, wananchi wakapiga kelele, ndani ya siku chache serikali ikaagiza zirudi zilivyokuwa. Mimi kwenye tukio lile nilijifunza mambo mawili. Kwanza, bei ya bando si mvua kwamba inanyesha tu. Kuna mtu mahali fulani akiandika barua, inashuka. Pili, kelele zinafanya kazi.

TUDAI NINI

Sitaki kumaliza kwa kulia. Nina mambo matano, na yote yanawezekana kabla hatujahitimu.

Moja, kila chuo kiwe na mpango wa dharura ulioandikwa na kuchapishwa, serikali ya wanafunzi ikishirikishwa kuuandaa. Uwe na kanuni moja isiyopindishwa: hakitatungiwa mtihani kitu ambacho hakikuwafikia wote, na hakuna atakayepata sapu au kudisko kwa sababu mnara ulikata.

Mbili, tovuti za vyuo, maktaba zake na zile za hukumu kama TanzLII zifunguke bila kukata bando. Tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na makampuni ya mawasiliano, ulioundwa ili kumfikia ambaye biashara haimfikii. Mwanafunzi aliye chini ya mkaratusi ndiye huyo.

Tatu, posho ya kujikimu isisimame chuo kinapofungwa kwa amri ya serikali. Ilipandishwa kutoka Sh8,500 mpaka Sh10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, tulishukuru. Lakini tumbo halifungwi kwa tangazo, na kodi ya geto pia. Anayetaka kukopa kifaa cha kusomea naye akopeshwe, alipe pamoja na mkopo wake.

Nne, turudi kwenye akili ya 1973. Anayeweza mtandao asome mtandaoni. Asiyeweza apate kitabu kilichochapwa, redio, na kituo cha Chuo Kikuu Huria kilicho karibu naye, hata kama amesajiliwa chuo kingine. Kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola milioni 425 kwa elimu ya juu. Fedha hiyo tutailipa sisi na watoto wetu. Tuna haki ya kuuliza ni kiasi gani kitamfikia mwanafunzi aliye nje ya geti la chuo, na kiasi gani kitaishia kwenye majengo.

Tano, hesabu. Serikali na vyuo vituambie ni wanafunzi wangapi waliondoka Machi 2020 na hawakurudi Juni. Wabunge waulize swali hilo bungeni.

NA SISI JE?

La mwisho ni letu wenyewe, na najua kuna viongozi wangu hawatalipenda. Wakati mikutano ya hadhara imezuiwa, sisi vijana wa chama tulihamia mtandaoni. Mikutano ya Zoom, mijadala ya Clubhouse, Twitter Space mpaka saa sita usiku. Ilitusaidia, sikatai. Lakini hebu tujiulize nani alikuwemo. Ni wale wale wa Dar, Arusha, Mwanza na wa ughaibuni. Kamanda wa Lushoto asiye na bando alisikia maazimio wiki mbili baadaye, kama alisikia. Tulijenga chama cha watakaoweza, tukakiita cha umma. Tukiwasema watawala kwa kuwaacha wanafunzi nyuma ya mnara, tuanze kwa kukubali kwamba na sisi tulipita njia hiyo hiyo.

Januari 3, 2023 zuio liliondolewa. Tukapanda majukwaani tena. Ombi langu kwa kila mwenyekiti wa vijana wa wilaya: kwenye mkutano wako wa kwanza karibu na chuo chochote, kabla ya kuongelea uchaguzi, uliza waliokuwa wanafunzi 2020 wanyooshe mikono. Waulize walisomea wapi. Wasikilize. Andika. Lete hapa, tukusanye majibu hayo ambayo hakuna ofisi iliyowahi kuyataka.

Mimi Pasaka hii naenda nyumbani. Nitapanda mpaka kwenye mkaratusi, nione kama siku hizi kuna vistari vinne. Nikikuta viwili vile vile, nitajua nimjibu nini mtoto wa Kigoma.

Nguvu ya umma!